Dakika Kumi na Tatu Hadi Kaunta

Mama yangu alipata kazi kwenye shirika la ndege akiwa na miaka sitini na tisa, na kazi yenyewe ilikuwa kuwa mzee. Mimi ndiye niliyemwajiri. Nasema "niliyemwajiri" kwa kujikweza tu, maana hakuwa na mkataba wala mshahara. Alipewa chakula cha mchana na kitambulisho cha plastiki chenye picha yake, akakivaa shingoni hata akienda dukani kununua chumvi.

Jiji letu lilikuwa na viwanja viwili vya ndege. Cha zamani kilikuwa karibu. Ukitoka katikati ya mji, nusu saa uko mlangoni. Lakini kilikuwa kimebanwa na nyumba pande zote, njia yake ya kurukia ilikuwa fupi kwa ndege kubwa tulizoagiza, na kila asubuhi ndege zetu zilizunguka angani zikingoja zamu ya kutua huku zikichoma mafuta bure. Kipya kilikuwa nje kabisa ya mji, kikubwa na kitupu. Wenye nacho walitubembeleza kama wachumba: miaka miwili bila ada ya kutua, kaunta kumi na nane za kwetu peke yetu, na sakafu unayoweza kujitazamia uso. Idara yetu ilipewa kazi ya kumwambia mkurugenzi tuhame au tubaki.

Mkuu wa idara tulimwita Rula, kwa sababu hata sukari ya chai aliipima kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Rula alikuwa ameshathibitisha kwa majedwali yake kwamba abiria huvumilia dakika tisini, kuanzia anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapoweka sanduku kwenye kaunta. Zikizidi hapo, huanza kuulizia shirika jingine lililobaki kule karibu. Kwa hiyo tulitakiwa kupima. Wiki sita, kila Jumanne uwanja mpya, kila Ijumaa uwanja wa zamani, wapimaji watatu na abiria watatu wa mfano: kijana mwenye begi la mgongoni, mama mwenye mtoto mchanga, na mzee. Wastani wa yeyote kati yao ukivuka tisini kwenye uwanja mpya, hatuhami. Kampuni haikutaka kuchukua watu wa nje, ikiogopa wangepeleka siri kwa washindani, na desturi ya idara ilikuwa kutumia jamaa zetu. Mwenzangu mmoja alimleta mkewe na kichanga chao. Wa pili alimleta shemeji yake. Mimi nikamleta Mama.

Kuna jambo sikumwambia Rula. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, alikuwa akisukuma viti vya magurudumu kwenye uwanja wa zamani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapokea wazee na wagonjwa kwenye teksi, akiwasukuma hadi mlango wa ndege. Alikuwa na watoto watatu na mume aliyekwenda kutafuta maisha na mpaka leo anayatafuta. Kampuni ndogo iliyomwajiri ilikula kwa ndege zetu. Sisi tukihama, wao hawakuwa na pa kuhamia.

Jioni ya kuamkia safari ya kwanza nilimkuta jikoni kwa Mama akichambua mchele. Sote, pamoja na watoto wake, tuliishi kwenye nyumba ileile, mimi chumba cha uani.

"Mdogo wangu," alisema bila kuinua macho, "mi sikuombi kitu. We pima ukweli tu. Kama ukweli ni kuhama, hameni."

"Ntapima ukweli," nikasema.

"Na mimi je, hamniulizi?" Mama alidakia kutoka sebuleni. "Mwenye miguu ni mimi."

Tulicheka. Ndivyo tulivyokuwa, tukicheka juu ya kitu kilichokuwa karibu kutukata koo.

Sanduku lake nililijaza rimu za karatasi za ofisini mpaka likafika uzito unaotakiwa. Lilikuwa na magurudumu mazuri, na alilivuta kwa madaha. Hakuwahi kupanda ndege maishani, lakini kila safari alimpa dereva wa teksi habari mpya. Wiki ya kwanza alikuwa anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa ng'ambo. Wiki ya pili alikuwa ameitwa kwenye mkutano. Dereva wetu alikuwa mmoja siku zote, alijua kila kitu, na bado alimjibu, "Safari njema, mama, utusalimie huko."

Njiani hadi uwanja mpya zilikwenda dakika sabini, pungufu moja au zaidi moja. Teksi ilitushusha chini. Kutoka hapo kulikuwa na njia ndefu ya mteremko, kwetu sisi ya kupanda, halafu ukumbi mpana, na kaunta zetu zilikuwa za mwisho kabisa. Nilibonyeza saa ya kupimia Mama alipokanyaga chini na nikaibonyeza tena sanduku lilipogusa mzani. Jumanne ya kwanza, dakika kumi na tano. Jumla themanini na tano. Kwenye uwanja wa zamani, siku ya Ijumaa, ilikuwa hatua arobaini tu juu ya sakafu tambarare, dakika mbili.

Jumanne ya pili ilikuwa kumi na nane. Ya tatu, ishirini na moja. Ya nne, ishirini na nne. Na kila Ijumaa, kule alikofanya kazi dada yangu, dakika mbili palepale, hazikuzidi wala hazikupungua.

Nilimtazama vizuri. Katikati ya ile njia ya kupanda alisimama, akageukia kioo, akasema mandhari ni mazuri. Mandhari yenyewe yalikuwa maegesho matupu na rundo la kokoto. Wiki iliyofuata alisimama palepale kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Ukumbini alimsimamisha mfanyakazi wa usafi akamuuliza kaunta ziko wapi, na alikuwa ameshafika hapo mara tatu.

"Mama, leo tumechelewa," nilimwambia ndani ya teksi tukirudi.

"Miguu yangu haiupendi uwanja wenu huu," alijibu. "Mapenzi yake yako kule kwa dada yako." Akacheka, akafumba macho, akalala mpaka nyumbani.

Mimi nilicheka pia. Lakini kichwani nikaandika: anaiba dakika. Mpumbavu mwenye saa mkononi ni mpumbavu zaidi kuliko asiye nayo, kwa sababu ana ushahidi. Niliziweka hatua arobaini za tambarare na nusu kilomita ya kupanda kwenye jedwali moja, nikaona mtu anayetembea vizuri Ijumaa na vibaya Jumanne, nikajiona mjanja. Mtoto wa darasa la tatu angeniuliza kama njia zenyewe zinalingana. Mimi nilikuwa mtaalamu, sikujiuliza.

Jumanne ya tano ilikuwa ishirini na sita. Wastani wa Mama ukavuka tisini.

Rula aliniita ofisini kwake kesho yake asubuhi. Jedwali langu lilikuwa mezani, na pembeni yake karatasi nyingine iliyokuwa na jina la dada yangu. Sijui nani alimwambia. Ofisi haikosi midomo.

"Kijana yuko sawa, mama wa mtoto yuko sawa," alisema. "Mzee wako ndiye anazidi kuzeeka kila wiki. Kwa wiki tano kazeeka miaka kumi. Dada yako anafanya kazi wapi?"

Nikamwambia.

"Sasa niambie wewe mwenyewe. Hapa kuna nini?"

Ningeweza kumwambia sijui. Lilikuwa ndilo jibu la kweli. Lakini nilihisi kiti changu kinateleza, nikakishika kwa kumtoa mama yangu kafara. "Anaigiza," nikasema. "Anamtetea binti yake. Mi nilishamgundua."

Rula alipumua, akaonekana kunionea huruma. "Damu nzito kuliko maji, naelewa. Imebaki safari moja ya uwanja mpya. Iwe ya kweli. La sivyo, hili jedwali litasomeka kama wewe ndiye uliyelipika, na sitakuwa na la kukutetea."

Jumatatu dada alinivizia uani nikianua nguo. Hakuwa na mzaha.

"Mama anaumwa."

"Nani kakwambia?"

"Hajaniambia mtu. Mi nasukuma wazee kila siku, mdogo wangu. Namjua mtu anayejivuta na mtu aliyechoka. Usiku analala amekaa, kajiegemeza kwenye mito mitatu. Vifundo vya miguu vimejaa. Nilimwambia twende hospitali, akasema akimaliza kazi yake ya ndege."

"Dada," nikasema, "we na Mama mnanifanya mjinga. Kesho ni safari ya mwisho ya uwanja mpya halafu leo ndo anaumwa?"

Aliniangalia usoni. Nilichokiona usoni mwake nilikiita hila iliyogunduliwa. "Basi mtie kwenye kiti," alisema. "Kule si wana viti? Msukume. Pima hivyo. Hata ikitoka dakika tano, mkahama, mi sijali. Mtie kwenye kiti, nakuomba."

"Sawa."

"Sema utamtia."

"Nimesema sawa."

Kitu kimoja hakikuniingia akilini: mtu anayetetea kazi yake hawezi kuomba kiti ambacho kingemnyima kazi hiyohiyo. Ukweli ulisimama mbele yangu umevaa kanga ya dada yangu, nami nilikuwa nahesabu vibanio vya nguo.

Jumanne ya sita Mama alivaa gauni la buluu na viatu vyake vya kanisani. Hakumpa dereva habari yoyote. Tulipokaribia, uwanja ukaanza kuonekana kwa mbele, nikamgeukia. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yenyewe tangu alfajiri.

"Mama, najua unachofanya. Kila mtu ofisini anajua. Unaniharibia kazi ili umwokoe dada, na mimi pia ni mwanao. Leo usinitie aibu. Tembea kama mtu mzima."

Dereva aliongeza sauti ya redio. Mama alikiweka sawa kitambulisho chake shingoni. Mimi nilitarajia akane, au anigombeze, nimezoea kugombezwa naye. Angefanya hivyo ningetulia. Alichosema ni, "Kumbe nimekuharibia." Kisha akasema, "Basi, baba. Leo utaona."

Viti vya magurudumu vilikuwepo, sita, vimepangwa mlangoni, bado vina nailoni. Nilivipita. Mama aliteremka, akashika mkono wa sanduku, nikabonyeza saa.

Alitembea kama nilivyomjua nikiwa mdogo, alipokuwa akinivuta kwenda shule nami nikikimbia ili nilingane naye. Ile njia ya kupanda aliipanda bila kutazama kioo. Hakufunga kiatu. Mfanyakazi wa usafi alimpungia mkono, hakumwona. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili na nilisikia pumzi yake, ilikuwa na sauti, kama mtu anayesaga kitu kigumu. Niliisikia. Siwezi kusema sikuisikia. Nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe. Niliona namba inakuja vizuri.

Sanduku likagusa mzani. Kumi na tatu.

"Umeona?" nikamwambia. "Kumbe unaweza!"

Alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kaunta. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuitambua. Jasho lilimtiririka shingoni hadi kwenye kamba ya kitambulisho.

"Andika basi," alisema.

"Tutaandika, Mama. Pumzika."

"Andika. Si ndo ulichotaka?"

Nikaandika. Kumi na tatu, jumla themanini na tatu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameegemea upande, na mkono wake mmoja ulikuwa unatafuta kitu kwenye hewa. Zahanati ya uwanja ilikuwa na bango zuri na mlango uliofungwa. Ingefunguliwa abiria wakianza kuja. Nilikimbia chini kumwita dereva, tukamshusha hadi kwenye teksi. Sasa ndipo nilipotumia kiti cha magurudumu, nikiichana nailoni kwa meno. Nilimlaza nyuma, kichwa mapajani kwangu. Hospitali ilikuwa mjini, na mimi hakuna aliyejua umbali wake kunishinda. Dakika sabini. Mama alikata roho kabla hatujafika nusu ya njia, na dereva hakupunguza mwendo, kwa heshima tu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema moyo ulikuwa umechoka muda mrefu, maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu.

"Alianza lini kushindwa kutembea? Mnakumbuka?"

"Wiki ya pili," nikasema. "Aliongeza dakika tatu. Ya tatu akaongeza tatu nyingine. Ya nne tatu. Ya tano mbili."

Aliacha kuandika. "Mlikuwa mnampima?"

"Ndiyo."

"Mlikuwa mnampima, halafu hamkumleta?"

Dada alifika na sare yake ya kazi. Alinishika mabega kwanza, kwa sababu mimi ndiye mdogo. Halafu akaniuliza sikioni, "Ulimtia kwenye kiti?"

"Alikataa," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mama bwana," akasema, na ndipo akalia.

Rula alikuja msibani. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani na watu. Alipoaga nilimsindikiza hadi kwenye gari. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa." Hakuuachia mkono wangu. "Ile ya Jumanne ilitoka ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Zile tatu za katikati tuziondoe, basi. Si ulisema alikuwa anaigiza?"

Hapo, kwenye vumbi la barabara ya kwetu, kazi ya dada yangu ilikuwa mdomoni mwangu. Neno moja lingetosha. Ningesema: hakuigiza. Ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na sita, hizo ndizo dakika za kweli za mzee anayeumwa, na wazee wanaoumwa ndio wanaosafiri kwenda kutibiwa. Iliyo ya uongo ni kumi na tatu, hiyo ndiyo ya kuondoa. Wastani ungevuka tisini na tusingehama. Lakini kusema hivyo kungekuwa kusema nilichokifanya, kwa sauti, kwa mdomo wangu, na nyumba imejaa waombolezaji.

"Ziondoe," nikasema.

Mkurugenzi alisaini mwezi uliofuata. Kampuni ya dada iliwapa wafanyakazi barua za kuwashukuru, na siku thelathini. Mimi nilipandishwa cheo. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Kwangu mimi hayakuchelewa, yalikuwa yamekaa sebuleni yananingoja nirudi kutoka kazini.

Wiki mbili kabla ya kuhama, dada aliingia chumbani kwangu saa sita mchana. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Alikuwa ameshavaa sare. Mkononi alikuwa na kipeperushi cha shirika letu, chenye picha ya ule ukumbi unaong'aa.

"Tumepewa tuwagawie abiria wetu," alisema. "Wasiogope kuhamia kule. Nimegawa jana kutwa. Kama mia tatu hivi. Leo nikakaa nikasoma."

Akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyowasomea wazee wasio na miwani.

"'Je, ni mbali? Hapana. Katika majaribio yetu, bibi wa miaka sitini na tisa alitoka kwenye gari hadi kaunta kwa miguu yake mwenyewe, bila msaada wowote, kwa dakika kumi na tatu tu.'"

Nje mtoto wake wa mwisho alikuwa akipiga mpira ukutani. Dada alikunja karatasi mara mbili.

"Wiki moja kabla ya hapo alitembea ishirini na sita," alisema. "Alinihadithia mwenyewe, alikuwa anaona aibu. Sasa niambie. Ulimwambia nini mpaka akatembea hivyo?"

Nilimwambia. Nilimwambia neno kwa neno, kama nilivyoyasema ndani ya teksi, mpaka lile la kutembea kama mtu mzima. Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimeushusha uso wangu ili anipige. Aliangalia saa ya ukutani. Zamu yake ilianza saa nane, na kulikuwa na abiria wa kiti waliokuwa wakimsubiri, kwa hiyo akachukua mkoba wake akaenda kazini.